Revox Iliuzwa, Uher Ikabaki

Mwaka 2016, baba akiwa ameshafariki, chumvi ya bahari ilikuwa imeyala mabati ya nyumba yetu ya Shangani, Mtwara, kiasi kwamba mvua ikinyesha mama alilazimika kuhamisha kitanda. Fedha hatukuwa nazo. Tulichokuwa nacho ni teprekoda mbili alizotuachia baba, pamoja na kijana mpole wa Dar es Salaam, mkusanyaji wa vyombo vya sauti vya zamani, aliyezitaka zote mbili.

Moja ilikuwa Revox A77, mashine nzito ya mezani ya kampuni ya Uswisi. Nyingine ilikuwa Uher 4000 Report ya Ujerumani, ndogo, ya kuning'inizwa begani, inayotumia betri tano kubwa za tochi. Baba alikuwa mtumishi wa idara ya utamaduni, na hiyo Uher ndiyo aliyozunguka nayo Newala, Tandahimba na Masasi akirekodi ngoma ya sindimba na simulizi za wazee. Revox aliinunua baadaye, ya kusikilizia nyumbani, na kwa sababu hiyo mama hakutaka kabisa iondoke. Dada yangu alitaka tuuze zote. Mimi niliomba tusikilize kanda kwanza, tena mbele ya mnunuzi.

Tulianza na sindimba, ambayo baba aliirekodi kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, na Revox iliitoa vizuri mno, kila mpigo ukisikika peke yake. Kisha nikaweka kanda ya bibi mmoja wa Newala aliyesimulia jinsi walivyokuwa wakiteremka bondeni alfajiri kufuata maji, kabla mabomba hayajafika uwanda wa juu wa Makonde. Sauti ilitoka nyembamba, ikikimbia, na hatukushika hata neno moja. Utepe ulikuwa haba, kwa hiyo maongezi baba aliyarekodi kwa kasi ndogo isiyomaliza utepe upesi, ya sentimita 4.7, ilhali Revox yetu ilikuwa na kasi mbili tu, 9.5 na 19. Nilipoihamishia kanda hiyo kwenye Uher, yenye kasi nne, bibi akaanza kuzungumza kama aliyeketi nasi barazani.

"Lakini mama, siku hizi kompyuta inaweza kuipunguza kasi hiyo," mnunuzi alisema kwa heshima. Ni kweli inaweza. Hata hivyo, kila kasi ina urekebishaji wake wa sauti za juu na za chini, na kanda ikisomwa kwa kasi isiyo yake uwiano huo huharibika, hivyo mtu hulazimika kuukisia upya. Mimi sikutaka kuikisia sauti ya bibi yule wakati mashine iliyoinasa ilikuwa mbele yetu, nzima. Vilevile sikutaka kuchelewa, maana katika hewa ya pwani baadhi ya kanda hunyonya unyevu, gundi inayoshikilia chembe za sumaku hulainika, na utepe huanza kunata na kuacha uchafu kwenye hedi, yaani sehemu ya mashine inayosoma kanda.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Mwishowe akaniuliza, "Hicho kidogo kinaweza kupiga na zile za ngoma?"

"Ndiyo, mama. Ndicho kilichozirekodi."

"Basi kikubwa kiende, mwanangu."

Najua uamuzi huo ulimgharimu mama kuliko sisi sote, na dada hakubisha tena. Mnunuzi aliongeza bei kidogo akiitaka na Uher, tukakataa, naye akaridhika na Revox. Fedha zilitosha mabati, misumari na ujira wa fundi. Wiki hiyohiyo nilisafisha hedi za Uher kwa pamba na spiriti, nikaiunganisha na kompyuta mpakato kwa waya, nikaanza kuhamisha kanda za wazee, kwa kuwa za ngoma zilikuwa na mashine nyingi zaidi za kuzipiga na zingeweza kungoja.