Miaka Minne ya Sindano Tumboni

Nilipoambiwa mwezi Juni 2020 kwamba nina saratani ya tezi dume, na kwamba imekwisha kufika kwenye nyonga na uti wa mgongo, nilikuwa na umri wa miaka 66, karani mstaafu wa bandarini Tanga, na jambo la kwanza nililofanya baada ya kutulia lilikuwa kununua daftari. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, nami sikuijua njia nyingine ya kukabili jambo kubwa.

Ukurasa wa kwanza una namba moja tu, 186. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha PSA, yaani kiasi cha protini inayotolewa na seli za tezi dume na kuingia kwenye damu. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa ukishafika kwenye mifupa hauwezi kukatwa ukaisha, lakini unaweza kunyimwa chakula. Chakula chenyewe ni testosteroni, homoni ya kiume, ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa na korodani. Jambo hilo lilionyeshwa Chicago mwaka 1941 na Charles Huggins pamoja na mwenzake Clarence Hodges, kwa wagonjwa waliopata nafuu baada ya kuondolewa korodani, na mwaka 1966 Huggins alipewa Tuzo ya Nobel. Nami niliwekewa njia mbili mezani: upasuaji mdogo wa namna hiyohiyo, unaofanyika mara moja na kwa gharama nafuu, au sindano ambazo zingeendelea maisha yangu yote. Daktari hakunificha kwamba homoni hushuka kwa njia zote mbili. Nilichagua sindano, na nakiri kwamba uamuzi huo ulikuwa wa moyo zaidi kuliko wa hesabu. Kama bima isingechangia, sidhani kama ningeumudu hata mwaka mmoja.

Nilitarajia kuchomwa siku hiyohiyo. Badala yake nilirudishwa nyumbani na vidonge vya bikalutamidi vya miligramu 50, nimeze kimoja kila siku kwa wiki moja kabla ya sindano na niendelee navyo wiki tatu baadaye. Nilidhani ni ucheleweshaji wa kawaida wa hospitali, hadi nilipouliza sababu. Ubongo, kwa kawaida, hutuma homoni ya ujumbe kwa vipindi kwenda kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari huziamuru korodani zitengeneze testosteroni. Sindano yangu, goserelini, huuiga ujumbe huo, ila haipumziki. Anayebisha hodi mara mojamoja huitikiwa, lakini anayegonga mlango usiku na mchana, mwenye nyumba mwishowe huziba masikio. Ndivyo pituitari inavyoacha kuitika na korodani zikanyamaza. Tatizo ni siku za mwanzo, kabla masikio hayajazibwa, kwa kuwa pituitari huitikia kwa nguvu zote na testosteroni hupanda kabla ya kushuka. Kwa mtu mwenye uvimbe kwenye uti wa mgongo, kupanda huko kunaweza kuufanya uvimbe ubane mishipa ya fahamu na kumpoozesha miguu. Bikalutamidi haizuii homoni isitengenezwe, bali hukikalia kiti chake ndani ya seli ya saratani, homoni ikifika ikute kiti kina mtu. Baada ya maelezo hayo sikukosa kidonge hata siku moja.

Sindano yenyewe huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, chini kidogo ya kitovu, kwa sindano nene kuliko nilizozizoea, kwa sababu kinachoingizwa si maji, ni kijiti kidogo kinachoyeyuka polepole. Yangu ni ya miligramu 10.8, ya kila wiki 12. Hapa ukarani wangu ulinifaa. Kliniki walikuwa wakisema "rudi baada ya miezi mitatu", lakini miezi mitatu ya kalenda mara nyingi hufika siku 91 au 92, ilhali wiki 12 ni siku 84. Nilianza kuhesabu siku mwenyewe na kumwonyesha muuguzi tarehe, naye, binti mpole wa umri wa wajukuu zangu, akazoea kuniuliza, "Shikamoo babu, daftari linasemaje leo?"

Mwaka wa pili, dawa iliisha katika kituo nilichokuwa nikichomwa, na nikaambiwa nisubiri bila kupewa tarehe. Nilijua kwamba kijiti kikishayeyuka pituitari huanza kusikia tena, kwa hiyo sikusubiri. Nilimpigia simu daktari, naye akanipa ile ya miligramu 3.6 ya siku 28 ili kuziba pengo. Tangu hapo huinunua wiki mbili kabla ya siku yake. Na kwa kuwa haitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, na joto la Tanga linajulikana, huisafirisha ndani ya deli dogo la plastiki, lile ambalo watoto huuzia barafu, nikiwa nimeizungushia kitambaa isigusane na barafu yenyewe.

PSA ilishuka hadi 9 baada ya miezi mitatu, kisha 0.8. Maumivu ya kiuno yaliyokuwa yakinizuia kuvaa viatu yaliondoka kabla hata namba haijafika chini. Lakini homoni ile haikuwa ya saratani peke yake. Ilikuwa yangu pia, na kuondoka kwake nilikuona mwilini. Joto la ghafla lilinipanda kifuani usiku mara nne au tano, shuka zikalowa. Mke wangu, aliyekuwa ameyapitia hayo miaka kumi nyuma, alicheka kidogo akaniambia, "Mzee wangu, sasa umeyajua." Ndiye aliyenifundisha kuacha chai ya moto baada ya magharibi na kulala na kikoi chepesi. Hamu ya tendo la ndoa iliisha kabisa, na jambo hilo tulilizungumza sisi wawili waziwazi, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya katika miaka 38 ya ndoa. Mifupa nayo hupungua uzito homoni ikiondoka, kwa hiyo natembea hadi ufukweni na kurudi kila asubuhi na kula dagaa wazima kwa ajili ya kalsiamu.

Mwishoni mwa 2022 PSA ilianza kupanda, 1.9, kisha 4.2, kisha 11. Nilidhani sindano zimechacha. Daktari aliagiza testosteroni yangu ipimwe, ikaonekana bado iko chini sana. Sindano ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa. Kumbe seli za saratani zilikuwa zimejifunza kuishi kwa makombo, yaani homoni kidogo inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo na hata inayotengenezwa na uvimbe wenyewe. Niliongezewa abirateroni, dawa inayozuia kimeng'enya, yaani kichocheo cha kemikali za mwili, kinachohitajika kutengeneza homoni hizo popote mwilini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na ninayotumia imetengenezwa India. Sindano haikusimamishwa, kwa sababu korodani zingeamka.

Abirateroni huja na sharti la tumbo tupu: usiwe umekula kwa saa mbili kabla, wala usile kwa saa moja baada, kwani chakula, hasa chenye mafuta, huifanya iingie kwenye damu kwa wingi usiotabirika. Mimi humeza vidonge vinne baada ya swala ya alfajiri na kunywa chai saa moja na nusu asubuhi. Ramadhani, kwa ruhusa ya daktari, nilivimeza saa nane usiku, nikiwa nimeacha kula saa nne, kisha nikala daku saa kumi.

Kosa langu lilikuwa kwenye kile kidonge kidogo cha bei rahisi kinachoambatana nayo, prednisoloni. Rafiki msikitini aliniambia kwamba dawa za aina hiyo huleta kisukari, nami, niliyejivunia kuuliza sababu ya kila kitu, sikuuliza. Nikakiacha na kuendelea na kile cha gharama. Wiki ya tatu miguu ilivimba, moyo ukawa unadunda ovyo, presha ikafika 178 kwa 102 na potasiamu ikashuka hadi 2.8. Daktari hakunigombeza. Alichora kwenye kipande cha karatasi: abirateroni ikizuia kimeng'enya kile, mwili hukosa pia kotisoli, homoni nyingine ya tezi za juu ya figo, pituitari ikaona upungufu ikazichapa tezi za juu ya figo zifanye kazi zaidi, na kwa kuwa njia moja imefungwa, kinachofurika ni homoni za kushika chumvi na kutupa potasiamu. Prednisoloni huziba pengo la kotisoli, pituitari ikatulia. Karatasi ile nimeibandika ndani ya jalada la daftari. Sukari yangu hupimwa kila mwezi pamoja na presha, potasiamu na ini, na hadi leo sukari haijapanda.

PSA ya mwezi uliopita ni 0.6. Nimekwisha kuuliza kitakachofuata ikianza kupanda tena, nikaambiwa huenda ikawa dosetakseli, dripu ya kila wiki tatu isiyohusika na homoni hata kidogo, ambayo hukakamaza nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa, ikashindwa kuwa mbili. Nimeandika maswali mawili ya kumuuliza daktari siku ya sindano: kama ganzi ya vidole inayoletwa na dawa hiyo huondoka, na kama nitaendelea kuweza kushika kalamu.