Nilivyoiunganisha simu na redio ya zamani ya gari bila kuing'oa

RAV4 yangu ni ile tunayoiita Kilitime, ya mwaka 2001, na redio yake ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani: sehemu ya kanda, sehemu ya CD, kioo kidogo cha namba na vitufe vinene. Mafundi wengi hapa Dodoma wakiiona wanatoa ushauri mmoja: ing'oe, weka ya Android. Mimi naipenda. Sauti yake ni nzito na safi kuliko redio nyingi mpya za bei ya kawaida nilizozisikia kwenye magari ya wenzangu. Vitufe vyake navibonyeza bila kuondoa macho barabarani, na barabara ya Singida ina malori ya kutosha kukufanya utake macho yote mawili mbele. Halafu kioo kikubwa kinachong'aa kwenye dashibodi kinawapa wezi sababu ya kuvunja dirisha.

Shida ilikuwa moja tu, muziki wangu wote uko kwenye simu. Nakaa Nkuhungu, mama yangu yuko Manyoni, na mara nyingi namfuata au namrudisha. Ukishaipita Bahi stesheni za mjini zinaanza kukatika, na ukikaribia Kintinku unasikiliza mikwaruzo zaidi ya maneno. Mama ujanani alipiga muheme, ngoma ya Kigogo, na ndugu zetu wamerekodi ngoma za harusi na za mavuno kwa simu zao. Nilitaka azisikie ngoma hizo ndani ya gari kwa sauti inayostahili.

Nimejifunza kwamba kabla ya kununua chochote unapaswa kujua redio yako ina milango gani. Redio ya kiwandani ya zamani, isiyo na tundu la AUX, yaani la kuchomekea waya wa sauti, wala USB, inaweza kuingiziwa sauti kupitia hewani kwa FM, kupitia sehemu ya kanda, au kupitia plagi ya nyuma iliyowekwa kwa ajili ya CD changer, kile kisanduku cha nje kinachobeba diski kadhaa na kuzibadilisha chenyewe. Pia kuna kuifungua na kuchomelea waya kwenye saketi yake kwa risasi, ambayo ni kazi ya fundi redio aliyetulia na sikuihitaji.

Nilianza na modyuleta kwa sababu ndiyo rahisi na inapatikana kila duka la vifaa vya simu. Unaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, simu inaiunganisha kwa Bluetooth, nayo inarusha muziki kama kituo kidogo cha redio. Sasa hapo ndipo magari ya Japani yanapowasumbua watu, na wengi huishia kudhani wameuziwa kifaa kibovu. FM ya Japani kwa miaka mingi ilianzia 76 ikaishia megahezi 90. Ya kwetu inaanzia 87.5 hadi 108. Ukiiweka modyuleta kwenye 100 au 106, redio ya Kijapani haifiki huko kabisa, hata ukae unazungusha kutwa. Sehemu ambayo vyote viwili vinakutana ni kipande kifupi, kati ya 87.5 na 90, na ndani ya kipande hicho ndiko unakotafuta nafasi isiyo na stesheni.

Kama gari lako limefungwa ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachokaa kwenye waya wa antena nyuma ya redio, kuna hesabu ya ziada. Ekspanda inashusha masafa ya stesheni zetu ili redio ya Kijapani iweze kuzidaka. Yangu inashusha kwa megahezi 20, maana yake stesheni ya 100 naikuta kwenye 80, na ya mwisho kabisa, 108, ingetua 88. Kwa hiyo kuanzia 88 kwenda 90 hakuna stesheni iliyoshushwa inayoweza kuangukia. Niliiweka modyuleta 89.1 na ikashika vizuri. Kabla ya kufanya hesabu hii hakikisha ekspanda yako inashusha kwa kiasi gani, kwa sababu zipo za viwango tofauti. Njia ya kujua ni nyepesi: chukua stesheni unayoijua namba yake, itafute kwenye redio, kisha toa namba ya kwenye redio kwenye namba yake halisi.

Kingine, usiweke sauti ya simu hadi mwisho. Modyuleta ikilishwa sauti kubwa kupita kiasi inakata vilele vya muziki na spika zinaanza kukoroma, hata kama redio umeipunguza. Simu ikae kama robo tatu, zilizobaki umalizie kwenye kitufe cha redio.

Kwa hotuba na mahubiri modyuleta ilinitosha. Kwa ngoma haikutosha. FM yenyewe haibebi sauti za juu kupita kilohezi 15 hivi, na vifaa hivi vya bei ndogo vinaongeza mchakacho wake juu ya hapo. Mdundo wa muheme ulikuja, lakini mama alisikiliza kidogo akaniambia, "Ngoma nazisikia mwanangu, njuga sizisikii." Alikuwa sahihi. Mlio mkali wa njuga ulikuwa umezama kwenye mchakacho.

Nikahamia kwenye kanda ya waya, ile yenye umbo la kaseti na waya mrefu unaochomekwa kwenye simu. Ndani yake hakuna utepe. Ina kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha redio, kinageuza muziki kuwa mabadiliko ya usumaku, na redio inasoma kana kwamba utepe unapita. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, na sauti yake kwangu ilikuwa safi kuliko ya modyuleta. Ila ina masharti. Kichwa cha redio kisafishwe kwanza kwa spiriti na pamba ya kijiti. Gari langu limeishi kwenye vumbi la Dodoma na pamba ilitoka nyeusi. Kama redio ina kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza mchakacho wa kanda, kizime, kwa sababu kikiwa kimewashwa kinapunguza sauti za juu ambazo hazikurekodiwa kwa mfumo huo, na muziki unakuwa mzito usio na uhai. Redio zenye kugeuza upande zenyewe nazo zina tabia yake: zisipohisi magurudumu ya kanda yakizunguka vizuri, zinadhani utepe umefika mwisho, zinageuza, zinageuza tena. Yangu ilikuwa inafanya hivyo joto likizidi mchana, na mlio wa gia za kanda unausikia kila wimbo unapotulia. Kwa mwenye redio ya kanda pekee, isiyo na plagi ya changer, hii ndiyo njia ningemshauri bila kusita.

Lakini redio yangu ilikuwa na kitufe ambacho sikuwahi kukiona kikifanya kazi. Ukibonyeza CD bila diski ndani, inaandika kwamba hakuna kitu. Fundi mmoja wa umeme wa magari pale Chang'ombe aliniambia, "Kaka, hiyo redio inajua kuongea na changer. Tuifungue tuangalie nyuma." Tukatoa terminali hasi ya betri, tukavuta fremu ya plastiki taratibu kwa mikono na kisu cha plastiki, tukalegeza bolti za spana namba 10, redio ikatoka. Nyuma yake kulikuwa na plagi mbili za kawaida zenye umeme na spika, waya wa antena ukiwa na ekspanda yake, na pembeni plagi moja tupu, pana, yenye vumbi. Hakuna aliyewahi kuichomeka chochote tangu gari litoke kiwandani.

Plagi hiyo ndiyo ya CD changer. Toyota wana za aina mbili, pana kwenye redio za zamani zaidi na ndogo kwenye zilizofuata, kwa hiyo piga picha kabla ya kuagiza. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo limewapotezea watu muda: huwezi tu kuchukua waya wa AUX ukauunga kwenye pini za sauti za plagi ile ukategemea muziki utoke. Redio haifungui njia ya sauti ya changer mpaka iambiwe kwamba changer ipo. Mazungumzo hayo yanapita kwenye waya mbili za data, mfumo ambao Toyota wanauita AVC-LAN. Adapta unayonunua ina kompyuta ndogo inayojibu maswali ya redio kama changer halisi: nipo, nina diski, nacheza wimbo wa kwanza. Redio ikisharidhika, inafungua njia, na sauti ya simu yako inaingia moja kwa moja kwenye amplifaya.

Nikaagiza adapta ya plagi pana, yenye AUX na USB, kupitia muuzaji wa Kariakoo aliyenitumia kwa basi. Kufunga hakukuchukua muda. Inajipatia umeme kwenye plagi hiyohiyo, hivyo hakuna waya wa kukata wala fyuzi ya kuongeza. Tuliupitisha waya wa AUX nyuma ya boksi la glovu ukatokea karibu na gia, tukaufunga kwa zipu za plastiki mbali na pedali. Tuliporudisha betri, nikabonyeza CD mara mbili, na kioo kikaandika diski ya kwanza, wimbo wa kwanza. Fundi akaniangalia, tukacheka wote wawili kwa furaha. Nyimbo za kwenye USB inazionyesha kwa namba bila majina, nami hilo halinisumbui.

Simu yangu haina tundu la hedifoni, kwa hiyo nikachomeka kipokezi kidogo cha Bluetooth kwenye waya wa AUX, nacho nikakipa umeme kutoka chaja ya tundu la sigara. Hapo ukajitokeza mluzi. Gari likiwa limezimwa, kimya. Ukiwasha injini, mluzi mwembamba, na ukikanyaga mafuta unapanda pamoja na mzunguko wa injini. Wengi wakisikia hivyo wanalaumu alteneta au wanabadilisha redio. Chanzo chake ni kwamba kipokezi kimepata njia mbili za kwenda kwenye bodi ya gari, moja kupitia chaja na nyingine kupitia gamba la waya wa sauti linaloishia kwenye redio. Sehemu hizo mbili za bodi hazilingani kabisa kivolti alteneta inapofanya kazi, na tofauti hiyo ndogo inapita kwenye waya wa sauti, redio inaikuza.

Kuthibitisha ni rahisi: chomoa kipokezi kwenye chaja, kitumie betri yake yenyewe. Mluzi ukikoma, umeshajua. Dawa ni kifaa kidogo chenye transfoma mbili ndani, moja ya kila upande wa stereo, kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Muziki unavuka kwa usumaku bila shaba ya upande mmoja kugusana na ya upande wa pili, na ile njia ya pili inakatika. Nilikipata kwenye duka la vifaa vya muziki vya kanisani, na tangu nikiweke mluzi haujarudi.

Safari iliyofuata ya Manyoni, mama alikaa mbele. Tulipoipita Kintinku tukianza kupanda kuelekea Saranda alikuwa anagonga paja kwa vidole, akaanza kunitajia sauti za wanawake waliokuwa wakiimba, huyu nani, yule binti ya nani, na yupi alikuwa anachelewesha mdundo. Njuga zilisikika moja moja.

Jirani yangu ana Noah yenye redio ya Kijapani ya ramani, na kwake njia hii haifai. Redio za namna hiyo zina mambo mengine: baadhi zikikosa kadi ya SD ya ramani zinagoma kucheza chochote na kuandika Kijapani tu, na baadhi zinaomba namba ya siri betri ikishatolewa, kwa hiyo kwake hatutagusa terminali ya betri mpaka tujue ni ya aina gani. Nyingi kati yake zina njia ya kuingiza sauti na picha kupitia waya wa VTR nyuma, na zipo zenye Bluetooth tayari ndani. Nimemwambia asinunue kitu bado. Jumamosi tunaichungulia kwanza, tusome namba ya modeli kwenye lebo yake.