Siku moja na watoto wanaofika ishirini lakini tano hawaijui

Saa 1:15 asubuhi. Darasa bado tupu. Nahesabu vifuniko vya chupa kwenye kopo: 57. Ijumaa vilikuwa 60. Mifuko ya watoto wa miaka minne ina njaa.

Saa 2:00. Wimbo wa namba, moja hadi ishirini, kwa kelele za kupasua dari. Mzazi anayechungulia dirishani anatabasamu, na mimi namwacha atabasamu. Ukweli ni kwamba wengi wao wanaimba tu. Ukiwakatiza kwenye saba na kuwauliza inayofuata, wanarudi kuanzia moja.

Saa 2:30. Namwaga vifuniko mkekani. Kuna kijana mmoja namfuatilia wiki ya pili sasa. Namwekea vinne. Kidole kinagusa kimoja, mdomo umeshafika mbili; anamaliza na "sita!" kwa furaha kubwa. Namwambia kila akitaja namba asogeze kifuniko kimoja upande wangu. Anasogeza polepole, ulimi nje: moja, mbili, tatu, nne. Sawasawa kabisa. "Haya, viko vingapi?" Ananishangaa, kisha anaanza upya: moja, mbili...

Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Wanasaikolojia Gelman na Gallistel walizitenganisha kanuni za kuhesabu mwaka 1978, zikiwemo hizi tatu: kutaja namba kwa mpangilio, kugusa kila kitu mara moja, na kujua kwamba neno la mwisho ndilo jibu. Mtoto anaweza kufanya mbili za kwanza na bado asiijue ya tatu. Kwake "nne" ni jina la kile kifuniko cha mwisho.

Naacha kuhesabu, nachukua kete. Vidoti vitatu. "Tatu!" anasema papo hapo, bila kidole. Vitu vichache hivi, mpaka vitatu au vinne, jicho huvikamata kwa mkupuo. Basi nitaanzia hapo: aone vitatu kwanza, kisha avihesabu na kukuta vile vile vitatu.

Saa 3:40. Binti mmoja anakuja mbio: "Mwalimu, nina visita!" Wenzake hawacheki, maana nao wangesema hivyo hivyo. Viwili, vitatu, vinne, vitano, kwa nini isiwe visita? Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu na hazipokei kiambishi, lakini hilo simwelezi mtoto. Namjibu tu, "Ehe, vifuniko sita, vizuri," naendelea. Kosa kama hilo linanifurahisha kuliko jibu sahihi la kukariri.

Saa 4:00. Mapumziko. Goti moja limechubuka.

Saa 4:30. Kuandika namba kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Namba 3 nyingine zinatazama kushoto, nyingine zinatazama kulia. Ugomvi mkubwa ni wa 6 na 9. Zamani nilidhani ni uzembe, mpaka nilipojiuliza: kikombe ukikipindua si bado kikombe? Kiatu ukikigeuza kinabaki kiatu. Miaka yote mtoto amejifunza kwamba kitu hakibadiliki jina kwa kugeuzwa, leo namletea alama isiyofuata sheria hiyo. Siku hizi kila kadi ina mstari chini, ajue upande wa kusimamia.

Saa 5:20. Kundi la wakubwa. Nasema "kumi na mbili", mmoja anaandika 102. Amesikia kumi, akaandika 10. Amesikia mbili, akaandika 2. Nani wa kumlaumu? Natoa kadi ndefu ya 10, naweka kadi fupi ya 2 juu ya sifuri. "Sifuri imejificha!" Wanataka kuifunua na kuifunika mara kumi. Sawa, tuna muda.

Saa 6:30 mchana. Watoto wanachukuliwa. Mama wa yule kijana wangu ananiambia, "Mwalimu, nyumbani anafika hamsini!" Namwambia, "Hongera, mama. Leo jioni mwombe akuletee vijiko vitatu, usimsaidie, uone ataleta vingapi." Anacheka, anadhani namtania.

Saa 7:15. Naandika daftarini: *vitatu kwa jicho, ndiyo, vinne, bado.* Navihesabu tena vifuniko. 55.