Mkunazini barazani kwetu Moshi: wiki ya sita, dari limepasuka tena

Kwa asiyejua ninachohangaika nacho: ninajenga mfano mdogo wa Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, kwa kipimo cha 1 kwa 100, juu ya meza ya barazani kwetu Majengo. Kuta ni mabaki ya hadibodi kutoka kwa fundi seremala wa mtaani, dari ni la jasi. Vipimo nilivipata kwa hatua za miguu nilipokwenda Unguja mwaka jana. Niliranda ndani mle hadi mtembeza wageni mmoja akaniuliza kama nataka kununua kiwanja.

Kwa nini nimevuka bahari na makanisa yamejaa Moshi? Sisi Waanglikana wa huku historia yetu ilikatika mapema. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, walifika kwa Mangi Rindi, mtawala wa Moshi, mwaka 1885. Mwaka 1892 Wajerumani wakapigana na mwanawe, Mangi Meli, huku wakiwashuku Waingereza hao kuwa upande wake, basi wamisionari wakafungasha wakahamia Taveta. Mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame, na mengine mnayaona kila Jumapili. Mimi nilitaka jengo la zama zilezile ambalo bado limesimama.

Mkunazini jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, penye soko la watumwa lililofungwa Juni ya mwaka huohuo kwa mkataba wa Sultani Barghash. Kuta ni mawe ya matumbawe, madirisha ni membamba yenye vichwa vilivyochongoka. Kilichonivuta hasa ni dari. Askofu Edward Steere, huyuhuyu aliyeandika sarufi ya Kiswahili, aliliezeka kanisa kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na simenti ya Portland, likawa tao moja refu, kama pipa lililopasuliwa katikati likafunikizwa juu ya kuta. Watu waliamini litaanguka. Halijaanguka.

Langu limeanguka mara tatu.

La kwanza lilikuwa jembamba mno, milimita 2. La pili nilifikisha milimita 4, nikalitoa kwenye kalibu kabla halijakauka. Hilo ni kosa la pupa tu. La tatu ndilo lililoniuma, maana lilitoka zima kabisa, nikaliweka juu ya kuta, nikaenda kunywa chai. Kurudi, kuta zimelala nje kama ganda la ndizi na dari limepasuka mgongoni, toka mwanzo hadi mwisho.

Nikamwita mzee jirani, mwashi wa zamani. Akakizunguka kile kifusi mikono mgongoni.

"Shikamoo mzee. Nimekosea wapi? Jasi haikukolea?"

"Marahaba mwanangu. Jasi haina kosa. Wewe umedhani dari linakaa. Tao halikai, linasukuma. Hizi kuta zako za karatasi zitalizuia kwa nguvu gani?"

Hapo nikakumbuka unene wa kuta za Mkunazini, ambao nilipokuwa kule niliudhania ni wa kuzuia joto. Sasa nimebandika hadibodi tatu kwa kila ukuta na kupigilia fito pembeni. Dari la nne lina siku tano kwenye kalibu na nimeapa kutoligusa hadi Jumamosi.

Huku nikisubiri, nimemaliza nguzo 12 za upande wa magharibi. Zile za kweli zimesimama kichwa chini: inasimuliwa kwamba mafundi walizisimika askofu akiwa safarini bara, akarudi akazikuta hivyo, akaziacha. Nami nimezigeuza makusudi. Jirani mwingine kaniambia nimekosea, nikajibu ndiyo.

Mbele ya altare nimechora duara jekundu kwa rangi ya kucha ya dada yangu. Kanisani ni marumaru, na linaonyesha ulipokuwa mti wa kufungia watumwa na kuwachapa. Sehemu hiyo niliifanya usiku peke yangu. Sikutaka watoto wanaoliita kanisa langu "nyumba ya panya" wawepo.

Kisha msalaba. Ule wa Mkunazini umetokana na mti wa mpundu wa Chitambo, Zambia, ulikozikwa moyo wa Livingstone, aliyefariki Mei 1873, wiki chache tu kabla soko halijafungwa. Mpundu sina. Nimechonga kijiti cha mbuni kutoka shambani kwa bibi, Kibosho. Bibi, Mkatoliki asiyetikisika, aliuliza kwanza kama kanisa lenyewe wanafukiza uvumba. Nikamwambia wale wa asili ya UMCA, misheni ya Kianglikana iliyojenga Mkunazini, wanafukiza, si kama sisi wa asili ya CMS. Akanipa vijiti viwili.

Umebaki mnara na saa yake, zawadi ya Sultani Barghash. Nilinunua saa mbovu ya kike kwa fundi saa, shilingi 2,000, nitoe uso wake. Nimeupima jana: ni mpana kuliko mnara.