Nilivyoityuni piano yangu, na pini zilizonidanganya

Mara ya kwanza nilimaliza usiku wa manane, nikalala nimeridhika kabisa. Asubuhi nikabonyeza noti ya A ya katikati, ile ya mitetemo 440 kwa sekunde. Ikalia kama watu watatu wanaogombania wimbo mmoja.

Piano ina vibonyezo 88, lakini nyuzi zake ni kama 230. Kuanzia katikati kwenda juu, kila noti ina nyuzi tatu na nyundo moja inazipiga zote kwa pamoja. Zikipishana kidogo tu, sauti inayumba: uwaa-uwaa-uwaa. Ukizikaribianisha, kuyumba kunapungua kasi, mwisho sauti inanyooka. Hilo sikio langu lililisikia bila shida. Kwa kila noti nilizuia nyuzi mbili za pembeni kwa kabari za mpira, nikaweka sawa wa katikati kwa programu ya simu, kisha nikatoa kabari mojamoja.

Basi kwa nini nyuzi zilishuka sauti usiku ule? Nilidhani imechakaa mbao inayoshika pini, vile vyuma vidogo vinavyoviringishiwa ncha za nyuzi. Nilikuwa hatua moja tu kutoka kumimina gundi kwenye matundu, na bahati nzuri nikajaribu kwanza spana ya kugeuzia pini. Pini zilikuwa zimekaza vizuri.

Kosa lilikuwa mkononi. Pini ni chuma, na chuma hujinyonga. Ukivuta spana taratibu, kichwa cha pini kinageuka na sauti inapanda, lakini mguu uliozama ndani ya mbao haujasogea hata kidogo. Ukiachia, pini inajinyongoa polepole na uzi unalegea nao. Nikaanza kufumba macho na kusikiliza kwa kiganja. Kuna mguso mdogo, kama kitu kinachoteleza ndani ya mbao. Hapo ndipo mguu umegeuka. Sasa napandisha uzi juu kidogo ya unapotakiwa, nasikia mguso ule, halafu narudisha chini kwa kuegemeza spana tu. Baada ya hapo nabonyeza kwa nguvu mara tano sita, majirani wanisamehe. Uzi ukistahimili vishindo hivyo, naendelea. Ukishuka, narudia.

Piano nzima ilikuwa imeshuka sauti sana, kwa hiyo niliipitia mara mbili. Ukikaza nyuzi nyingi, ubao wa sauti, ule mpana unaotetemeka pamoja na nyuzi, unazidi kulemewa, na zile ulizoanza nazo zinalegea. Raundi ya kwanza niliifanya haraka haraka bila kutafuta usafi wowote. Raundi ya pili ndiyo ilinila siku mbili. Nyuzi za besi zilizoviringishwa shaba nilizigusa kwa woga, maana ni kuukuu na sikuwa na za akiba.

Leo ni wiki ya sita. A imesimama palepale. Noti mbili za juu kabisa bado zinanitoroka: huko nyuzi ni fupi mno, na spana ikisogea unywele mmoja tu, umeshapitiliza.