Nilivyopata taarifa ya saa mbili bila kupanda juu ya bati

Nyumba ninayopanga Nkuhungu, hapa Dodoma, ina masharti matatu, na mzee mwenye nyumba aliyataja siku ileile akihesabu kodi yangu ya miezi sita: geti linafungwa saa nne, hakuna kufuga, na hakuna mtu kupanda juu ya bati lake. La tatu alilisema mara mbili. Mpangaji aliyenitangulia alileta fundi wa dishi, fundi akatoboa pasipotobolewa, na mvua za Januari zikashuka moja kwa moja kwenye godoro.

Sikubishana naye. TV yangu ilikuwa ya kuangalia muvi za kwenye flashi, basi. Shida ilianza Agosti, mama alipokuja kutoka Kondoa kufanyiwa mazoezi ya goti, wiki sita. Mama ni mtu wa taarifa ya habari. Kwake saa mbili usiku chakula kinakuwa kimeshaliwa, vyombo vimetolewa, na mtu akizungumza anaangaliwa jicho moja tu ananyamaza. Siku ya kwanza aliuliza maji ya kuoga yako wapi. Siku ya pili akaitazama TV kwa muda, akasema, "Baba, hiki kitu umekiweka pambo?"

King'amuzi nilikipata kazini kwa mwenzangu aliyehamia kwenye dishi. Nilihakikisha kimeandikwa T2 mgongoni, kwa sababu DVB-T2 ndio mfumo wa kidijitali wa antena tunaotumia huku, na ving'amuzi vya dishi, hata viwe vizuri vipi, havisomi mawimbi ya antena. Kifurushi sikujaza. Mama hataki tamthilia za Kituruki, anataka TBC1 na ITV, na hizo ziko kwenye zile za bure. Kilichobaki kilikuwa antena, na kwa kuwa bati halipandwi, iwe ya ndani.

Hapo ndipo nilipoanza kutoa pesa kijinga.

Duka nililoingia, karibu na soko la Majengo, lilikuwa na antena za ndani za aina tano hivi, zimening'inia kwenye misumari. Boksi moja limeandikwa 4K. Jingine limeandikwa kilomita 300. Kijana wa dukani akanishushia lile la kilomita 300: "Hii ndiyo habari ya mjini, braza. Hii haina mpinzani." Ningefikiri kidogo ningejiuliza: kilomita 300 kutoka Dodoma ni kuipita Morogoro. Mawimbi ya TV husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, dunia yenyewe ina mgongo, na katikati kuna milima. Hakuna kikaratasi cha plastiki kilichobandikwa ukutani kitakachoona ng'ambo ya hayo yote. Na hiyo 4K nayo ni mapambo ya boksi. Antena ni chuma cha kudaka mawimbi, haijui kama yamebeba picha safi au mbovu. Usafi wa picha ni kazi ya kituo, king'amuzi na TV yenyewe.

Lakini sikufikiri. Nilitoa elfu thelathini na tano, nikaondoka na kitu cheusi, chembamba, ukubwa wa daftari kubwa, chenye waya wa mita tatu na kidude katikati ya waya cha kuongeza nguvu, kinachochomekwa USB nyuma ya TV.

Niliibandika nyuma ya TV, nikasachi. Chaneli zikaja! Mama akapiga makofi. Kisha picha ikaganda mtangazaji akiwa amefumba macho, sauti ikatoa mlio kama wa panzi, na kioo kikawa cheusi: hakuna mawimbi.

Waliokulia enzi za analojia watanielewa. Zamani mawimbi yakipungua ulipata chenga, na ndani ya chenga mtu mvumilivu aliona goli. Dijitali haina huruma hiyo. Tangu mitambo ya zamani ilipozimwa, Dar es Salaam ikianza Desemba 31, 2012 na Dodoma yetu ikifuata mapema 2013, ama unapata picha safi kabisa ama hupati kitu, na katikati pana ukingo mwembamba ambapo picha inaganda, inaachia, inaganda. Mimi nilikuwa nimekaa palepale ukingoni.

Nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi, mahali panapoonyesha mistari miwili. Wa juu, nguvu ya mawimbi: 88. Wa chini, ubora: 15, unaruka mpaka 9, unarudi 20. Nikajiambia ya juu iko sawa, basi king'amuzi kibovu, yule mwenzangu kanipiga. Siku mbili nzima ofisini nilimsalimia kwa mdomo tu.

Jumamosi nikanunua kwa machinga antena ya pili, elfu nane, ile ya fimbo mbili za kuvuta. Nikazivuta mpaka mwisho, moja huku, moja kule, kama baba alivyokuwa akifanya. Ubora: sifuri. Nikaibeba mpaka Chang'ombe kwa fundi mmoja wa redio na TV, mtu mzima, mezani kwake pana redio za mbao ambazo wenyewe nadhani walishafariki.

Shikamoo yangu aliipokea, akaitazama antena nilivyoishika, fimbo zimetanuka.

"Marahaba. Sasa hizo umezirefusha za nini, unaanika nguo?"

Alinipa somo la dakika kumi ambalo boksi zote za Majengo hazikuwa nalo. Akachukua kalamu: gawa 300 kwa masafa ya kituo kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. TV za dijitali za antena ziko kwenye masafa ya juu, UHF, kuanzia 470 mpaka 694. Chukua katikati, 600: wimbi moja ni nusu mita. Antena ya fimbo mbili inataka nusu ya wimbi kwa jumla, yaani sentimita 25, kwa hiyo kila fimbo sentimita 12 na kidogo. Akazisukuma zile fimbo ndani mpaka zikabaki ndefu kuliko kidole changu cha kati kwa pingili mbili tu. Zile ndefu, alisema, zilikuwa za vituo vya zamani vya masafa ya chini, VHF, ambavyo mawimbi yake ni ya mita na ushee. Tumerithi mkono wa kuvuta, mawimbi yamebadilika.

Kisha nikamweleza ile nyeusi, na ile 88 na 15. Akaniuliza swali moja tu: "Nyuma ya nyumba yenu kuna nini?"

Nyuma ya nyumba yetu kuna mnara wa simu. Nikitoka uani kuanika taulo unanitazama.

Nilipomjibu, akacheka. Masafa ya 700 na 800, yanayopakana kabisa na ya TV, siku hizi ni ya simu, na antena nyingi za bei rahisi bado zinadaka mpaka huko. Kidude cha kuongeza nguvu hakichagui. Kinapokea kituo cha TV kidogo na mnara wa simu mwingi, kinavikuza vyote, kinalemewa, na king'amuzi kinaletewa vurugu. Ni kama umesimama mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, mtu anakuita. Masikio yamejaa kweli: ng'ombe, spika za nguo, mchoma nyama anapiga kisu kwenye ubao. Sauti iko ya kutosha na ya kubaki, ila jina lako hulisikii. Ile 88 ndiyo mnada. Ile 15 ndiyo jina langu.

"Kitoe hicho kidude," alisema. "Usikizime kikiwa humohumo, maana kikikosa umeme kinageuka kizibo. Kitoe kabisa, waya uende moja kwa moja. Na kwenye king'amuzi angalia kama umeme wa antena umewashwa, uzime, hauna wa kumlisha." Pesa alikataa, akaniuzia mita tano za waya mnene wenye maandishi ya omu 75 na pini mbili alizozifunga mwenyewe, akihakikisha hakuna unywele wa wavu wa nje unaougusa ule waya wa shaba wa katikati.

Nyumbani nikakitoa kidude. Nguvu ikaanguka kutoka 88 mpaka 51. Ubora ukapanda mpaka 44. Nilikaa kwenye stuli nikitazama hizo namba mbili zimepishana kama watu kwenye ngazi. (Jumatatu nilimnunulia yule mwenzangu chai na chapati mbili. Hakujua kwa nini, na sikumwambia.)

44 ilitosha kwa chaneli chache, nyingine bado zilikatakata. Sasa ikawa kazi ya mahali. Kwanza nilitoka nje nikatazama mapaa ya majirani. Hii ni ramani ya bure: antena zote za alumini za mtaa zilikuwa zimeelekea upande mmoja, isipokuwa moja iliyoelekea chini, nayo nadhani ni ya upepo wa Agosti. Angalia pia vile vijiti vyake vimelala au vimesimama, maana mawimbi yana ulalo wake, na ya ndani ikilala kinyume inapoteza sehemu kubwa. Dirisha la sebule yangu linatazama palepale antena hizo zilipoelekea. La chumbani linatazama mnara wa simu. Uamuzi ulikuwa mwepesi.

Lakini dirisha lile lina nondo, na juu yake kuna bomba la chuma la pazia, na juu ya yote bati. Kwa mawimbi, chuma chochote ni kioo: kinayarudisha, yanagongana chumbani, sehemu moja yanasaidiana na kiganja kimoja pembeni yanauana. Ndiyo maana hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa simu "weka dirishani" ikatosha. Inabidi utembee nayo.

Tukafanya hivi. Mama kwenye kochi, goti juu ya mto, macho kwenye mstari wa ubora. Mimi nimeshika antena kwa ncha za vidole nisiizibe na mwili, nasogea taratibu, nasubiri sekunde tano kila mahali kwa sababu namba za king'amuzi huchelewa.

"Arobaini na mbili. Arobaini. Imekuwa thelathini, rudi. Hamsini na tano. Sitini na moja. Hapo... hapana, umeshapapita."

"Wapi, mama?"

"Ulipokuwa umeinama kama unachuma mboga."

Mahali penyewe palikuwa kona ya chini kushoto ya dirisha, kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye nondo, mbali na bomba la pazia nilipokuwa nimepania kuitundika. Ubora 72. Nikafunga ubao mwembamba kwenye fremu ya mbao, nikabandika antena kwa gundi ya karatasi, nikasachi upya. Zile za fimbo nilizijaribu pia palepale, sentimita 12 kila upande: 58. Kwa elfu nane si haba. Ningeanzia kwake ningeokoa pesa nyingi, na kama duka la Majengo lingekuwa na ile nyeusi bila kidude, kwa bei ya nusu, ningeichukua hiyo na kufumba macho.

Siku tatu raha. Siku ya nne nikagundua jambo la ajabu: mchana picha imetulia kama picha ya ukutani, ila ikifika saa moja jioni inaanza kuganda, na taarifa ya saa mbili inaliwa vipandevipande. Nikalaumu upepo. Nikalaumu majirani kurudi na simu zao. Nikapanga hata kurudi Chang'ombe.

Mama ndiye aliyepata. Umeme ulikatika kidogo, ukarudi, TV ikawaka, na mimi nilikuwa sijawasha taa. Tukatazama robo saa gizani bila mkato hata mmoja. Nikanyanyuka kuwasha taa, na mtangazaji akaganda.

"Izime," mama akasema.

Nikazima. Mtangazaji akaendelea kusoma habari.

Balbu ile ya LED niliinunua buku mbili, na ndani ya zile za bei chee saketi yake hutoa kelele za redio ambazo hakuna aliyehangaika kuzichuja. Waya wa taa unapita ukutani juu ya dirisha hilohilo. Nilibadilisha balbu kwa nyingine nzito kidogo ya elfu sita, nikausogeza waya wa antena mbali na soketi ya chaja. Ikaisha.

Mama alipokuwa anafunga mizigo aliniomba aende na antena, akaiweke kwao. Nikamkatalia, naona aibu. Kondoa ni zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, na antena ya ndani, hata hapa mjini kama ungekuwa nyuma ya kilima, nisingekuahidi. Kule anahitaji ya nje, mlingoti mrefu, na fundi wa palepale. Nilimtumia hela ya mlingoti mwisho wa mwezi.

Mwenye nyumba alikuja wiki iliyofuata kuchukua hela ya maji, akakuta Bunge linaendelea kwenye TBC1, akakaa. Alitazama mpaka kikao kikaahirishwa. Kisha akauliza, "Dishi umeliweka wapi?"

Nikamwonyesha kikaratasi cheusi nyuma ya pazia. Akakigusa, akakigeuza (ubora ukaanguka, nikakirudisha), akatikisa kichwa, akaaga.

Asubuhi, nikielekea kazini, nilimkuta ameegemeza ngazi ukutani, yuko juu ya ngazi ya mwisho, anakagua bati lake, karatasi moja baada ya nyingine.