Nilivyomchagua Nyoka Wangu wa Kwanza

Swali lililonisaidia kuliko mengine yote nilipokuwa nikitafuta nyoka wangu wa kwanza halikuhusu rangi wala urefu. Nilijifunza kumwuliza kila mfugaji: nyoka huyu amekula mara ngapi tangu aanguliwe, hula nini, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Ilinichukua muda kulifikia swali hilo, kwa sababu mwanzoni nilichagua kwa macho, na macho yalikaribia kunipoteza.

Aliyenivutia kwanza alikuwa chatu wa kifalme, yaani Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati ambaye akiogopa hujikunja akawa kama mpira, kichwa kikiwa kimefichwa katikati. Nilikuwa nimesoma kwamba ni mpole na kwamba kwa kawaida hazidi mita moja na nusu, nikaona nimeshampata ninayemtaka. Yule niliyeonyeshwa alikuwa na mabaka ya rangi ya dhahabu juu ya weusi, na alipowekwa mikononi mwangu alitulia tuli. Nilipouliza kuhusu chakula niliambiwa kwamba hajala kwa wiki tisa, lakini kwamba hilo ni la kawaida kwa chatu hawa na kwamba angekula akishazoea makazi mapya. Maelezo hayo hayakuwa uongo. Chatu wa kifalme anaweza kususa chakula kwa wiki nyingi, hata kwa miezi, akihamishwa, majira ya kupandana yakiwadia, au akikosa joto na maficho ya kutosha, na aliye mzima mara nyingi hupita salama. Ila mtu aliyefuga kwa miaka mingi hutambua lini kususa ni tabia na lini ni ugonjwa, na mimi nisingetambua. Nilijiona kila wiki nikimshikia panya kwa koleo, nisijue kama ni wa kusubiriwa au wa kukimbizwa kwa daktari wa wanyama. Nikamrudisha kwenye sanduku lake, na nakiri moyo uliniuma.

Baada ya hapo nilianza upya, safari hii nikianzia kwangu mwenyewe. Je, nina nafasi ya tangi la kumfugia lenye urefu wa sentimita 120, litakalokaa mahali pamoja bila kuhamishwahamishwa? Je, walio nyumbani watakubali panya waliogandishwa wahifadhiwe kwenye friza? Je, nitakuwa tayari kumtunza kwa miaka 15 hadi 20, au hata 30 kama ningemchukua yule chatu? Niliulizia pia sheria, kwa sababu nchi nyingi hudai kibali cha kufuga nyoka, na chatu wote wamo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyamapori kati ya nchi na nchi.

Majibu hayo yaliwaondoa wengi. Mtoto wa chatu wa Burma, Python bivittatus, huwa mfupi kuliko mkono wa mtu mzima, lakini hukua akapita mita 4, na huko Florida, nchini Marekani, chatu wa aina hiyo waliotoroka au kuachiwa wamezaliana katika kinamasi cha Everglades na kuwapunguza mno wanyama wa asili. Eryx colubrinus, nyoka mfupi mnene wa Afrika Mashariki, ni rahisi kumtunza, ila hushinda amejifukia mchangani na mimi nilitamani kumwona. Nyoka wa jamii ya Lampropeltis hula vizuri sana, hata nyoka wenzake, na ulafi huo huweza kumfanya adhani kidole ni windo.

Aliyebaki ni nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, na akikomaa wengi huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 150. Huridhika na joto la nyuzi 29 hadi 31 upande mmoja wa tangi na 24 hadi 26 upande wa pili, na unyevu wa kawaida wa chumba mara nyingi humtosha. Muhimu zaidi kwangu, si mtu wa kususa. Mgeuze tumboni uone miraba myeusi na myeupe iliyopangika kama ubao wa sataranji. Wapo wanaosema jina lake limetokana na miraba hiyo, inayofanana na punje za mahindi.

Nilikuwa nimeamua pia kwamba sitachukua nyoka aliyekamatwa porini, kwa kuwa hao mara nyingi huja na minyoo, kupe na hofu isiyokwisha. Wala sikutaka rangi za ajabu. Baadhi ya rangi zilizozalishwa na wafugaji huambatana na kasoro. Chatu wa kifalme wa aina iitwayo buibui, kwa mfano, huwa na hitilafu ya neva inayomfanya atikise kichwa na kupoteza mizani.

Mfugaji niliyempata alikuwa mama wa makamo, na kabla sijamaliza swali langu alinifungulia daftari. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake: tarehe ya kuanguliwa, tarehe ya kila mlo, na mara alizojivua gamba. Yule niliyemtaka alikuwa amekula mara kumi na moja mfululizo.

"Naomba nimwone akila, mama," nikamwambia.

"Leo hapana, mwanangu. Amekula juzi. Rudi Jumamosi."

Jibu hilo lilinipa imani kuliko daftari lenyewe, kwani mtu aliyetaka tu kuuza angemlisha palepale. Jumamosi alikiyeyusha kipanya, akakipasha kwenye maji ya moto, akakiingiza kwa koleo. Nyoka alitoa ulimi mara tatu, shingo ikajipinda, kisha akaruka kwa kasi nisiyoweza kuifuata. Alikizungushia pingili mbili na kukibana, ingawa kilikuwa kimekufa zamani, akakitafuta kichwa kwa pua yake, na taya zikaanza kutembea juu yake, kulia, kushoto, kulia. Zilipita dakika nne hivi, kisha akapiga miayo mirefu kurudisha taya mahali pake. Kipanya kilikuwa na unene sawa na sehemu nene kuliko zote ya mwili wake, na hicho ndicho kipimo ninachokifuata hadi leo.

Nilimkagua wiki moja baadaye nilipokwenda kumchukua. Nilipitisha karatasi laini nyeupe mgongoni mwake kutafuta utitiri, ambao huonekana kama vidoa vyeusi vinavyotembea. Niliisikiliza pumzi yake, kwa sababu mlio wa kukoroma au mapovu mdomoni ni dalili ya maambukizi ya njia ya hewa. Macho yalikuwa maangavu, tundu la haja lilikuwa safi, na uti wa mgongo haukuchomoza.

Tangi lilikuwa limewashwa kwa siku kumi kabla hajafika. Mkeka wa joto ulidhibitiwa na thamostati, maana bila hiyo mkeka unaweza kumuunguza, na kulikuwa na maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto. Mfuniko niliufunga kwa vibanio, kwa kuwa nyoka wa mahindi hupenya kwenye upenyo ambao hungeudhania.

Hata hivyo nilikosea. Alikula mlo wake wa kwanza kwangu siku ya sita, nami kwa furaha nikamshika siku iliyofuata. Usiku alikitapika kipanya. Ushauri wa saa 48 bila kumgusa baada ya kula nilikuwa nimeusoma, ila sikuwa nimeuzingatia, na aliyelipia ni yeye. Nilimwacha siku kumi na mbili bila kumsumbua, nikampa kipanya kidogo zaidi, akakila, akakaa nacho.

Wiki tano baadaye macho yake yaligeuka rangi ya maziwa, na asubuhi moja nikakuta gamba zima limelala juu ya gogo, limegeuzwa nje ndani kama soksi. Nililinyanyua kwenye mwanga na kutafuta vifuniko vya macho, yale magamba maangavu yanayoyafunika macho ya nyoka na ambayo nayo hutakiwa kuvuliwa. Vyote viwili vilikuwemo. Nikanawa mikono kwa sabuni, kwa sababu nyoka huweza kubeba bakteria wa salmonela, kisha nikaandika tarehe kwenye ukurasa ule ule aliouanzisha yule mama.